Top Gear ilivyovuka Atlantiki

Kipindi cha Top Gear kilianza mwaka 1977 katika studio za BBC mjini Birmingham, na kazi yake ilikuwa kuwashauri madereva: gari lipi linunuliwe, linakula mafuta kiasi gani, usalama barabarani ukoje. Mwaka 2001 BBC ilikifuta. Mwaka uliofuata Jeremy Clarkson, aliyewahi kukitangaza, na mtayarishaji Andy Wilman walikirudisha hewani kikiwa na sura nyingine kabisa. Studio iliwekwa kwenye banda la uwanja wa ndege wa Dunsfold, kusini mwa London, na magari yakajaribiwa palepale uwanjani. Akaingizwa dereva asiyetamka neno wala kuvua kofia ngumu, aitwaye The Stig. Wageni maarufu nao wakapewa Suzuki Liana, gari la kawaida la mtu wa kipato cha kati, walizungushe kwa kasi yote waliyoiweza. Richard Hammond alikuwemo tangu mwanzo, James May akajiunga mwaka 2003, na utani wa watatu hao ukawa ndio roho ya kipindi.

Umaarufu ulipozidi, BBC ilianza kuuza haki ya kutengeneza matoleo ya nchi nyingine. Australia ilitangulia mwaka 2008 kupitia SBS; Urusi ikafuata mwaka 2009, na Korea Kusini mwaka 2011. Lile la Urusi lilizimika upesi. Soko lililotamaniwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa Marekani, na huko ndiko mambo yalikokuwa magumu zaidi.

Ugumu wa kwanza ulikuwa wa fedha. Nchini Uingereza BBC huendeshwa kwa ada ya leseni wanayolipa wananchi, haiweki matangazo ya biashara, kwa hiyo Clarkson aliweza kulikejeli gari lolote bila mhasibu kupata presha. Televisheni za Marekani huishi kwa matangazo, na kampuni za magari ni miongoni mwa wateja wao wakubwa. Mchekeshaji Jay Leno, mkusanyaji mashuhuri wa magari, alikataa kazi ya kuongoza toleo la Marekani, na hadharani akataja hofu ya aina hiyo. Ugumu wa pili ni kwamba wapenzi wa magari huko walikuwa wakiliona toleo la Uingereza kupitia BBC America. Mtangazaji yeyote mpya angepimwa kwa mizani ya Clarkson kabla hajafungua kinywa.

Mwaka 2008 mtandao wa televisheni wa NBC ulirekodi kipindi cha majaribio ukiwa na Adam Carolla, Tanner Foust na Eric Stromer. Wakati huohuo mtandao huo ulikuwa umefufua Knight Rider, tamthilia ya gari linaloongea, na watazamaji hawakuichangamkia. Hamu ya magari ikapoa, na mradi ukawekwa kando.

Iliyouokota ilikuwa History, chaneli ambayo kwa jina ingepaswa kuzungumzia wafalme na vita, lakini wakati huo ilikwishazoea madereva wa malori ya barafuni na maduka ya rehani. Watangazaji watatu walichaguliwa kwa hesabu: Adam Ferrara, mchekeshaji, Foust, bingwa wa mashindano ya kuserereka kwa magari, na Rutledge Wood, mchambuzi wa mbio za NASCAR. Kipindi cha kwanza kilirushwa Novemba 21, 2010. Kilifunguliwa kwa Dodge Viper likikimbizwa na helikopta ya kivita aina ya Cobra katika mitaa ya mji mmoja wa Georgia, nyoka akimwinda nyoka. Mgeni alikuwa Buzz Aldrin, aliyekanyaga mwezi mwaka 1969, safari hii akiendesha Suzuki SX4 kwenye kituo cha zamani cha ndege za kijeshi cha El Toro, California.

Hapo ndipo tatizo lilipoonekana wazi. Uwanja ulikuwepo, The Stig alikuwepo, Suzuki ilikuwepo, lakini mazungumzo ya studioni yalisikika kama ya watu waliokutana jana, na kwa kweli hawakuwa wamejuana muda mrefu. Clarkson na Wilman walisoma shule moja. Urafiki wa namna hiyo hauuzwi pamoja na leseni. Watayarishaji walifanya jambo la busara: kadiri misimu ilivyosonga, waliachana na studio na mgeni maarufu, wakawapeleka watatu hao barabarani na magari chakavu waliyonunua wenyewe. Njiani ndiko walikozoeana. Toleo hilo liliishi hadi mwaka 2016, likiwa limefika misimu sita.

Kwingineko, Ufaransa ilianza mwaka 2015 kwenye RMC Découverte, ikimtumia mwigizaji Philippe Lellouche, na toleo lake likapata maisha marefu. Marekani ilijaribu tena mwaka 2017, safari hii kupitia BBC America yenyewe, ikiwa na mwigizaji William Fichtner, dereva wa mbio Antron Brown na mwandishi Mwingereza Tom Ford. Msimu mmoja tu ukatosha. Mwaka 2021 MotorTrend ikaleta watatu wengine: Dax Shepard, Rob Corddry na Mwingereza Jethro Bovingdon.