Vileo, Sheria na Hazina ya Serikali

Katika mwezi wa Julai 1890, dola 17, Unguja ya Seyyid Ali bin Said ikiwa mojawapo, zilitia sahihi Mkataba wa Brussels, ambao kusudi lake kubwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, lakini ambao katika sura yake ya sita uliazimu pia kuzuia vileo vikali visienee Afrika, baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Mahali ambapo vileo hivyo, kwa ajili ya dini au sababu nyingine, havikuwa vimezoeleka, viliharimishwa kuingizwa na kutengenezwa. Mahali palipokwisha kuvizoea, vilitozwa ushuru; na penye marufuku, wasio wenyeji waliachiwa mlango wao mdogo wa kupitishia chupa zao. Tangu siku hiyo sheria ikawa inamtazama mnywaji kabla ya kukitazama kinywaji.

Tembo la mnazi halikuguswa na mkataba huo. Mgema, apandaye asubuhi na jioni na kotama yake kiunoni, akakata ncha ya karara na kukinga kibuyu chini yake, hatumii jiko wala bomba: utomvu hujichachukia wenyewe, mtamu alfajiri na mkali kabla ya magharibi. Ni serikali gani ingeweza kuweka askari juu ya kila mnazi?

Mijini ilipatikana hila nyingine, iliyobuniwa Durban, ambako tangu 1909 baraza la mji lilijitwalia peke yake haki ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe ya nafaka. Nairobi ikaufuata mfano huo Pumwani, katika miaka ya mwanzo ya 1920, na faida ikalipia huduma za mitaa ya Waafrika wenyewe. Yaani mnywaji alikatazwa kunywa kwa jirani yake ili anywe kwa halmashauri, kisha akaambiwa kwamba ametunzwa. Ninakiri kuwa pombe ya halmashauri yaweza kuwa ilikuwa safi kuliko ile ya uchochoroni. Hata hivyo, mlinzi anayeishi kwa mauzo ya kile anachokilinda si mlinzi wa kutegemewa.

Ubaguzi wa mnywaji hatimaye uliondolewa, lakini mashaka juu ya mtambo wa mwananchi wa kukeneka vileo vikali yalibaki hata baada ya uhuru. Uganda, kwa sheria ya 1965, ilimtaka mpika enguli, pombe kali ya kienyeji, awe na leseni. Tanganyika na Unguja zilipokwisha kuungana, ikaja sheria ya 1966 juu ya moshi, ambayo watu wengi huiita gongo. Kenya nayo ikapiga marufuku chang'aa mwaka 1980. Mitambo ikahamia vichakani na kando ya mito, na chang'aa iliyotiwa methanoli ikapofusha watu na kuwaua, hata ile sheria ya Kenya ya 2010, iliyopewa jina la mbunge John Mututho, ikairuhusu kwa masharti, na baa zikaamriwa zisifunguliwe siku za kazi kabla ya saa kumi na moja jioni.

Tanzania, tarehe 1 Machi 2017, ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya plastiki vya bei ndogo vilivyojificha katika mfuko wa shati la kondakta na katika mkoba wa mwanafunzi. Kiwanda kiliweza kuendelea, mradi kitumie chupa. Na kwa maoni yangu, amri hiyo, iliyouliza kinywaji kinauzwa kwa kipimo gani na kwa bei gani, ilikuwa na maana zaidi kuliko zote zilizowahi kuuliza mnywaji ni nani.