Kamala Hakuwa Mganda

Ndugu zetu wa Missenyi, mlioko nyumbani na mlioko mijini,

Kabla ya kuzungumza michango, tupeane kwanza historia kidogo. Mwaka huu tunamleta mtu ambaye wengi wetu tulidhani katoka hapo jirani, ng'ambo ya Mutukula.

Tuliokuwa watoto miaka ya 1990 tunaikumbuka mikanda ya mieleka. Humo alikuwamo Kamala: pande la mtu, peku, uso umepakwa rangi, tumbo limechorwa mwezi na nyota, mkononi mkuki. Ilitangazwa kuwa anatoka Uganda. Kwetu Kamala ni jina la watu tunaosali nao na tuliosoma nao, basi tukamshangilia kama ndugu.

Kumbe alikuwa Mmarekani. Jina lake James Harris, aliyezaliwa 28 Mei 1950 Senatobia, Mississippi, katika familia iliyolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Aliingia ulingoni mwaka 1978. Kama fundi asiye na karakana yake, alikwenda kila alikoitwa na kuvaa jina alilopewa: Sugar Bear Harris, Ugly Bear Harris, Big Jim Harris. Uingereza aliitwa Mississippi Mauler.

Mwaka 1982, huko Memphis, Jerry Lawler na promota Jerry Jarrett wakamtengenezea jina la Kamala. Hadithi iliyouzwa ni kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Hapo sisi wa Kagera lazima tusimame kidogo. Amin alituvamia Oktoba 1978. Daraja la Kyaka lililipuliwa, wazee wetu wakakimbia wakiacha migomba na ng'ombe. Kampala ilianguka Aprili 1979. Miaka 3 tu baadaye, jina lililotuliza lilikuwa linauza tiketi Marekani, na Afrika inaonyeshwa kama pori la watu wasiojua kusema. Harris, ambaye lugha yake ilikuwa Kiingereza, alitakiwa anyamaze ulingoni na kujipiga tumbo tu.

Je, jina hilo lilimlipa? Lilimfikisha kwa Hulk Hogan, na tarehe 29 Agosti 1992 likamfikisha uwanja wa Wembley, London, mbele ya watazamaji takriban 80,000, kupambana na The Undertaker. Baadaye Harris alisimulia kwamba usiku ule alilipwa dola 13,000, na kwamba mpinzani wake alipata mara nyingi zaidi. Sisi tunaotunza vitabu vya hesabu hatushangai: mapato ya mlangoni ni kitabu kimoja, mfuko wa anayetoka jasho ni kitabu kingine. Mwaka uliofuata aliondoka, akarudi kuendesha malori.

Wanamieleka wa aina yake huhesabiwa kama wakandarasi binafsi, si waajiriwa. Mwili ukichoka, hakuna pensheni inayowasubiri. Kisukari kilimfanya akatwe mguu wa kushoto mwaka 2011, na wa kulia mwaka 2012. Mashabiki wakamchangia. Kisha yule aliyekatazwa kusema akatoa kitabu cha maisha yake, *Kamala Speaks*, na kueleza mwenyewe yaliyompata. Alifariki 9 Agosti 2020, baada ya kuugua Uviko-19.

Kwa nini tumemleta Harris kwenye kijarida cha Missenyi? Kwa sababu akina Harris tunao. Ni madereva wetu, mafundi, wabeba mizigo na wachezaji mpira wa timu ndogo ndogo. Mjini kila mtu anawapa jina: Bukoba, Mhaya, Kijana, Fundi. Siku wakilazwa, ndipo tunapoanza kuulizana jina lake la kweli ni nani, na kofia inapitishwa kwenye geti la hospitali wakati bili imeshapanda.

Mfuko wetu wa Matibabu uko kwa ajili ya kuchanga kabla, si baada. Ndugu, jaza fomu ya ahadi iliyo ndani ya kijarida hiki, hata kama ni kidogo. Andika jina lako kamili, lile ulilopewa nyumbani. Na kama unamjua mwenzetu mjini asiye na bima, mwandike naye.

 Tuonane kwenye harambee.