Msambao, si mtawanyiko

Mwaka 1866 mkemia Mskoti Thomas Graham alitangaza kwamba kipande cha paladi kinaweza kufyonza haidrojeni yenye ujazo mara mamia kadhaa ya ujazo wake chenyewe. Gesi hiyo haikuwa imejificha kwenye nyufa. Ikigusa paladi, kila molekuli ya haidrojeni hugawanyika kuwa atomi mbili, nazo huzama kwenye vishimo vilivyo kati ya atomi za metali na kuruka kutoka kishimo hadi kishimo.

Safari hiyo ndiyo inayodai istilahi. Kuiita mtawanyiko kunaleta picha isiyofaa: kinachotawanyika mara nyingi kina aliyekitawanya, kama mkutano mbele ya polisi. Haidrojeni haina wa kuisukuma. Joto huitikisa, nayo huruka popote penye nafasi, mbele au nyuma. Ila kwa kuwa upande mmoja una atomi nyingi zaidi, zinazotoka huko huzidi zinazorudi. Ndivyo harufu ya udi inavyosambaa chumbani. Msambao, basi, ndilo neno, na kila hatua yake ni mruko.

Kwenye metali ya kawaida atomi hujipanga kifuwele, na vishimo hufuatana kwa utaratibu kama mashimo ya bao, nane nane. Lakini mwaka 1960, huko California, Pol Duwez na wenzake walipoza kwa kasi kubwa mno aloi ya dhahabu na silikoni iliyoyeyuka, atomi zisipate muda wa kujipanga. Wataalamu huita metali za namna hiyo vioo vya metali. Kwa msomaji wa Kiswahili jina hilo linapotosha, maana kioo anachokijua yeye ama hupitisha mwanga ama humrudishia sura yake. Metali isiyo fuwele ni jina refu kidogo, lakini linasema kweli.

Humo ni kama bao lililochongwa na mtoto: shimo hili lina kina, lile halina. Atomi za kwanza hutumbukia kwenye vishimo vya kina na kutoka kwa shida, hivyo haidrojeni ikiwa kidogo husambaa polepole. Vishimo hivyo vikishajaa, zinazofuata hukaa juu juu na kuruka upesi. Miaka ya 1980 Reiner Kirchheim na wenzake nchini Ujerumani waliyapima haya kwenye aloi ya paladi na silikoni: haidrojeni ilipozidi, msambao nao uliongeza kasi.

Vishimo vya kina huitwa pia mitego. Neno hilo litumike kwa tahadhari, kwa sababu metali ikipashwa joto, atomi iliyonasa hujinasua yenyewe na kuendelea na safari.