Rehani Si Bei: Historia Fupi ya Istilahi Mbili za Ardhi, na Mfano wa Upare

Udanganyifu katika biashara ya ardhi si lazima uanze na sahihi ya kughushi. Mara nyingine huanza na neno lililowekwa mahali pasipo pake. Katika makala haya tumekusudia kufuatilia historia ya neno rehani, na kuonyesha kwa nini mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hawana budi kulitenga na neno bei.

Rehani ina asili ya Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu ni mali inayowekwa kuwa dhamana ya deni; mwenye mali habadiliki, na akilipa hurudishiwa mali yake. Lakini kwa kuwa riba ni haramu, Unguja na Pemba kulitumika pia mkataba ulioitwa bei-al-khiyar, yaani bei ya hiari. Mwenye mikarafuu aliandika kwamba ameuza shamba, akaachiwa hiari ya kulikomboa katika muda maalumu. Aliendelea kulikalia kwa kulipa kodi, ambayo kwa hakika ilikuwa riba iliyobadilishwa jina. Muda ukipita, shamba limekwenda. Madeni ya wenye mashamba yalizidi hata mwaka 1934 ikatungwa amri ya kuwekea mipaka uhamishaji wa ardhi.

Istilahi hizo hazikubaki pwani. Kiswahili kilipanda bara kwa misafara iliyopita bonde la Pangani, chini ya Milima ya Upare, kisha kwa shule na mahakama. Huko mlimani ardhi ilishikwa kwa ukoo, na mgeni aliweza kupewa mahali pa kulima bila ya kuwa mwenyewe. Kahawa ya mlimani, na mkonge na reli huko tambarare, vilileta fedha. Na fedha zikaipa ardhi bei.

Sheria nazo zilibadilika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, na marekebisho ya mwaka 1928 yakatambua haki za wenyeji walioishika kwa mila. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja na wa milele ukafutwa. Tangu hapo anayesema "nauza ardhi" huuza haki ya kuitumia, wala si udongo wenyewe. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ikatamka kwamba rehani ni dhamana tu, haihamishi haki yoyote ya ardhi.

Hata hivyo, sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye karatasi yake inasema neno jingine. Tuchukue mfano wa mkulima wa Chome anayeshuka mjini Same kutafuta fedha za ada. Kwa mdomo anaambiwa, "Weka shamba rehani." Katika karatasi panaandikwa, "Nimemuuzia fulani shamba langu." Mashahidi wanatia sahihi, kila mmoja akiamini lile alilolisikia. Mwaka ukiisha, karatasi ndiyo inayosema, na mkulima anajikuta mgeni shambani kwake.

Kwa hiyo tunapendekeza maneno manne yasichanganywe: bei, ambayo huhamisha haki, rehani, ambayo hufunga haki mpaka deni lilipwe, ukodishaji, ambao hutoa matumizi kwa malipo, na uazimaji, ambao hutoa matumizi kwa hisani. Kila hati ya rehani itaje deni, muda, na haki ya kukomboa. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenzi iandikwe, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaidai. Ardhi ya kijiji isihamishwe bila ya idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Na yenye hati iliyosajiliwa ifanyiwe upekuzi kwa Msajili, isije ikawa imekwisha kuwekwa rehani kwa mwingine.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama nchini. Heshima hiyo ni mzigo pia: neno tutakalolilegeza sisi mezani litamgharimu mtu shamba.