Mshahara wa kibarua wa shambani: hesabu huanzia jikoni

Kima cha chini cha mshahara nchini Burundi kiliwekwa mwaka 1988. Mfanyakazi asiye na ujuzi maalumu alipangiwa faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwingineko nchini. Wakati huo faranga 160 zilizidi kidogo dola moja ya Marekani. Leo, kwa kiwango rasmi cha kubadilisha fedha, hazifiki hata senti kumi. Kanuni mpya ya Kazi ilitolewa tarehe 24 Novemba 2020 kuchukua nafasi ya ile ya 1993, huku viwango hivyo vikiwa vimekaa zaidi ya miaka thelathini bila kuguswa.

Kwa kibarua anayelima mpunga katika uwanda wa Imbo, au anayechuma chai huko Teza na Rwegura, kima hicho hakina tena uzito. Kibarua wa kutwa hupatana mwenyewe na mwenye shamba, na aliyeamka na njaa hana nguvu ya kupatana. Kirundi kina jina la hali hiyo: guca incuro, yaani kwenda kulima kwa mwingine ili kupata chakula cha siku.

Je, mshahara wa haki hupimwaje? Njia inayotumiwa zaidi duniani ni ile ya watafiti Richard Anker na Martha Anker, walioieleza katika kitabu chao cha mwaka 2017. Imetumika pia katika mashamba ya maua ya Naivasha nchini Kenya na ya chai nchini Malawi. Njia hii haianzi na kile ambacho mwajiri yuko tayari kutoa, bali na mahitaji ya familia ya mfanyakazi.

Kwanza hupangwa mlo wa kutosha unaolingana na desturi za mahali: maharagwe, muhogo, ndizi, viazi vitamu, mboga, mafuta, na samaki kama ndagala. Bei huchukuliwa katika soko ambalo wafanyakazi wenyewe hununua. Pili huhesabiwa makazi ya staha: paa lisilovuja, choo, maji safi na nafasi ya kutosha. Tatu huongezwa gharama za matibabu, shule, mavazi na usafiri. Nne hutengwa akiba ndogo ya dharura, mara nyingi asilimia tano. Jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya wanaofanya kazi katika familia. Kwa kawaida idadi hiyo huwa kati ya mmoja na wawili, kwa kuwa si kila mtu mzima hupata kazi mwaka mzima.

Mfano ufuatao ni wa kuonyesha hesabu tu, wala si bei halisi za soko. Familia ya watu sita inatumia faranga 1,500 za chakula kwa kila mtu kwa siku, yaani 270,000 kwa mwezi wa siku 30. Nyumba ni 60,000, na mahitaji mengine ni 150,000. Jumla ni 480,000. Ukiongeza asilimia tano ya dharura, inakuwa 504,000. Ikigawanywa kwa wafanyakazi 1.6, kila mmoja anahitaji 315,000 kwa mwezi. Akifanya kazi siku 25, siku moja ni faranga 12,600. Lakini msimu ukimpa siku 15 tu, siku hiyo hiyo ingepaswa kulipwa 21,000. Ndiyo maana malipo ya siku peke yake hayaonyeshi kama familia inajimudu.

Yapo mambo yanayoweza kupotosha hesabu hii. La kwanza ni bustani ya mfanyakazi. Maharagwe anayolima mkewe nyuma ya nyumba ni jasho la familia, si msaada wa mwajiri, hivyo hayapunguzi mshahara anaostahili. La pili ni malipo ya vitu, kama chakula cha mchana au chumba. Vitu hivyo huhesabiwa kwa thamani ya haki, kwa kawaida visizidi asilimia 10 kwa kila kimoja na 30 kwa vyote. La tatu ni saa za ziada: mshahara wa kumudu maisha lazima upatikane ndani ya saa za kawaida za kazi. Kanuni hiyo inamhusu pia mchuma chai anayelipwa kwa kilo.

Burundi haiko peke yake. Uganda ina kima cha shilingi 6,000 kwa mwezi tangu mwaka 1984. Tanzania, kwa upande wake, hutoa amri za mishahara kwa kila sekta, na ile iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi katika kilimo. Mwaka 2024 wataalamu waliokutana katika Shirika la Kazi Duniani, wakiwemo wawakilishi wa serikali, waajiri na wafanyakazi, walikubaliana kuwa mishahara ipangwe kwa kuzingatia mahitaji ya familia pamoja na hali ya uchumi.

Sharti hilo la uchumi ni zito kwa mkulima mdogo anayeajiri vibarua wawili au watatu, kwani naye hutegemea bei ya kahawa au mpunga asiyoipanga yeye. Hata hivyo, hesabu ikifanywa kwa uwazi huonyesha pengo ni la ukubwa gani na nani katika mnyororo wa biashara anaweza kulipunguza. Vyama vya wafanyakazi nchini, miongoni mwao COSYBU, vimekuwa vikidai kima kipya. Kikipatikana, kitahitaji kurudiwa kila bei za sokoni zinapobadilika, kisije kikaachwa nyuma kama kile cha 1988.