Sifa Zinazobebwa na Herufi

Mgodi wa risasi wa Mpanda, uliojengewa reli kutoka Kaliua, ulifungwa mwaka 1960. Nautaja mwaka huo ili msomaji wa huko Katavi apime umri wa wazo la kuzipa herufi sifa, kwani ndio mwaka John McCarthy wa chuo cha MIT, Marekani, alipochapisha makala ya kueleza Lisp, lugha ya kompyuta aliyoanza kuibuni 1958.

Katika Lisp, kila jina lilipewa orodha yake ya sifa. Mwongozo wa Lisp 1.5, wa mwaka 1962, unaonyesha orodha hiyo ikihifadhi hata maandishi ya jina lenyewe, na kama jina ni la fanksheni, maelekezo ya kuikokotoa pia. Mtumiaji naye aliruhusiwa kuongeza sifa zake.

Julai 1968, hapohapo MIT, Carl Engelman, William Martin na Joel Moses walianzisha Macsyma, programu ya Lisp inayofanya aljebra kwa herufi. Humo sifa zilipata kazi nzito. Chukua kosaini ya n mara pai. Ukiulizwa jibu, nawe utauliza kwanza n ni nini. Ikiwa namba kamili, jibu ni 1 kwa n shufwa na -1 kwa n witiri. Vinginevyo huwezi kusema. Kompyuta lazima iambiwe. Katika Maxima, mrithi wa Macsyma, amri ya declare huitangaza n kuwa namba kamili, na tangu hapo cos(n*%pi) hugeuka (-1)^n. Hata fanksheni isiyo na fomula hupewa sifa: ukitangaza f kuwa oddfun, f(-x) huwa -f(x).

Ila sifa haiondoki yenyewe. Swali la asubuhi likiacha n ikiwa namba kamili, swali la jioni litajibiwa kwa sharti hilohilo, na jibu litapendeza macho huku si sahihi. Kwa hiyo amri ya properties, inayoonyesha sifa zilizopo, na remove, inayoziondoa, naziona muhimu kuliko declare yenyewe.

Maxima ipo kwa sababu ya William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas. Tangu 1982 alitunza nakala ya Macsyma iliyotoka Wizara ya Nishati ya Marekani, na mwaka 1998 akapata kibali cha kuitoa kwa leseni huru. Alifariki 2001. Wenzake wakaendelea, na leo mwanafunzi wa Mpanda anaipakua bila malipo, pamoja na msimbo wake wote wa Lisp.