Ngome ya Yesu kule Mombasa

Mwenye kufika Mombasa aanze matembezi yake ku Musikiti wa Mandhry, uliojengwa karibu na mwaka 1570, kisha ashike Ndia Kuu, njia ya kale yenye nyumba za ghorofa na milango ya mbao iliyochongwa. Mbele, juu ya mwamba, ataona Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1597 mapadri wa Mutakatifu Augustino walifungua nyumba yao mujini.

Yusuf bin Hasan, mwana wa sultani, alikuwa mutoto wakati baba yake alipouawa kwa shauri la Wareno. Walimupeleka Goa, mapadri hao wakamulea, akabatizwa Jerónimo. Mwaka 1626 alirudishwa kutawala, lakini wakubwa wa ngome walimuzarau. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kepteni, akakana ubatizo. Wakristu wengi, Wareno na Waafrika, waliuawa kwa kukataa kukana.

Tusiseme tu: ni musaliti. Alipokea Injili kutoka taifa lililomwaga damu ya baba yake. Kwetu Katanga vile vile, Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, Wabenedikto wakafika mwaka 1910. Watu wengi waliwaona kama kundi moja. Mwaka 1698 Waomani waliteka ngome. Mizinga haikulinda imani. Waliotoa maisha yao ndio walioishuhudia. Basi, ndugu, tunapofundisha, watu watuone tuko upande gani.